Wembe wa Kukunja na Kona za Uso: Mafunzo Niliyopata Kilosa na Mikumi

Shavu kila mtu analiweza. Mpe kijana yeyote wembe mkali, maji na sabuni, atashuka kutoka kwenye sharafa hadi karibu na taya bila kumwaga damu, kisha atajiita fundi. Kazi huanza pale shavu linapoishia: chini ya pua, kwenye pembe za mdomo, kidevuni, chini ya taya na juu ya koromeo. Hapo ndipo mteja huamua kama atarudi kwako au atavuka barabara kwenda kwa mwenye mashine.

Nimenyoa Kilosa, jirani na stesheni ya zamani, na nimenyoa Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Wembe ninaousema ni ule wa kukunja, ambao makali yake huingia ndani ya mpini. Uko wa aina mbili: ule mzima unaonolewa, na ule wa siku hizi unaopachikwa nusu ya wembe wa dukani, ukishamnyoa mtu unatupa hicho kipande. Haya ndiyo niliyofundishwa na wazee, madereva na mafundi wa reli walioegemeza vichwa vyao mbele yangu.

1. Mkono usioshika wembe ndio unaonyoa

Mzee aliyenifundisha alikuwa na kiti cha mbao chini ya mwembe na wembe mmoja wenye neno Solingen ubapani. Solingen ni mji wa Ujerumani wenye sifa ya visu na nyembe tangu zamani sana. Reli iliyopita hatua chache kutoka kwenye kiti hicho nayo ni ya Wajerumani: walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Mzee alisema wembe aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa akiwanyoa mabwana wa mashamba ya mkonge ya Kimamba.

Kwa muda mrefu hakuniruhusu niuguse. Kazi yangu ilikuwa kutandaza ngozi. Yeye ananyoa, mimi nasimama upande wa pili, vidole viwili juu ya taya la mtu, nangoja aseme "juu" au "kwako". Wateja walicheka: "Mzee, huyu kijana kazi yake kunibana mashavu tu?" Naye hakujibu, alisema "kwako kidogo".

Sababu niliielewa baadaye. Makali ya wembe ni mstari ulionyooka, kama sentimita saba hivi, na usoni hakuna mahali palipo na mstari ulionyooka. Shavuni sehemu kubwa ya makali hulala vizuri. Kidevuni hugusa milimita chache tu, na uzito wote wa mkono huishia hapo. Basi una njia mbili: kuupinda mkono ufuate uso, au kuileta ngozi mahali palipo tambarare. Anayemenya embe huzungusha embe, si kisu. Ngozi ya chini ya taya inaweza kupandishwa ikakaa juu ya mfupa. Ya koo inaweza kusogezwa pembeni ikakaa juu ya msuli. Ukishaifikisha hapo, wembe unafanya kazi ileile uliyoifanya shavuni.

Vidole lazima viwe vikavu, maana vikiwa na povu vitateleza na ngozi itarudi ghafla chini ya makali. Mimi hugusa unga wa shabu kila ninapobadili mahali. Shabu hukausha na hushika.

2. Papasa kabla ya kupaka povu

Mtu akikaa kitini, usikimbilie brashi. Pitisha ncha za vidole usoni pakavu, kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka sikioni kwenda kidevuni, halafu kinyume chake. Upande unaoteleza ndio nywele zinakolala. Upande unaokwaruza ni kinyume. Kama vidole vyako vimekuwa vigumu kwa jembe, tumia kipande cha pamba: kikienda kinyume kinanasa.

Mashavuni karibu wote nywele hushuka. Shingoni kila mtu na lake. Nimeona watu ambao nywele za chini ya taya la kulia zinaelekea sikioni, za kushoto zinaelekea kwenye koromeo, na katikati pana mzunguko kama wa utosini. Ukimnyoa mtu huyo kwa kushuka moja kwa moja tangu taya hadi kola, nusu ya shingo umeinyoa kinyume bila kujua, na kesho yake atakuja kukuonyesha. Mteja mpya nampapasa mara moja. Nikishamjua, kichwa kinakumbuka chenyewe.

3. Joto la Kilosa hukausha povu

Nywele kavu ni ngumu. Zikikaa kwenye maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Nyakati za joto la Desemba, povu ulilopaka kidevuni hukauka wakati bado uko shavuni. Kwa hiyo sipaki uso mzima. Napaka shavu nanyoa, napaka shavu la pili nanyoa; kidevu na mdomo wa juu, sehemu zenye nywele nene kuliko zote, nazifunika kwa taulo yenye maji ya moto wakati huo wote. Zinafika mwisho zikiwa laini.

4. Chini ya pua, wembe utembee kidogo kuliko unavyodhani

Hapa ndipo wengi huogopa, na wana haki. Nafasi ni ndogo, pua iko njiani, na ngozi ni nyembamba. Kwa wazee wengi wa Kilosa ambao ni Waislamu, hapa ndipo kwenye kazi kubwa: wanaacha ndevu, wanataka masharubu yapunguzwe na mipaka isafishwe shavuni na shingoni.

Mwambie mtu aubane mdomo wa juu juu ya meno, kama anayezuia kicheko. Wewe inua ncha ya pua kwa kidole gumba, taratibu, kwa heshima. Mzee wa watu hapaswi kushikwa pua kama mtoto anayepengeshwa kamasi. Tumia ncha ya wembe, si makali yote. Shuka kutoka kwenye pua kuelekea mdomoni kwa vipande vya urefu wa punje ya mchele, ukiunyanyua wembe kila mara. Kwenye kile kibonde cha katikati usiingie kwa bapa. Vuta mdomo upande wa kulia unyoe nusu yake, kisha kushoto umalizie. Pembe za mdomo zinataka mtu aufungue kidogo, wewe uvute ngozi nje kuelekea sikioni.

Jambo moja halina mjadala: makali yasisogee kwa ubavu, hata kwa upana wa uzi. Wembe ukisukumwa mbele unakata nywele, ukiteleza pembeni unakata nyama. Anayeanza achague wembe wenye ncha ya mviringo. Wenye pembe kali una faida yake kwenye mpaka wa masharubu, lakini ni wembe wa mtu ambaye mkono wake umeshatulia.

5. Kidevu kinyolewe kwa vipande

Kidevuni sina siri kubwa. Mgongo wa wembe ukae mbali na ngozi kwa kiasi cha unene wake mara mbili, pembe ya kama nyuzi 30, na ukifika kwenye mzingo ulaze zaidi. Usijaribu kuzunguka kidevu kwa mwendo mmoja. Nakigawa: mbele, kulia, kushoto, chini. Mbele namwambia mtu avute mdomo wa chini juu ya meno. Chini namwinua kichwa na kuvuta ngozi kuelekea shingoni. Wenye kishimo katikati ya kidevu nawavuta ngozi pande mbili kwa gumba na shahada hadi kishimo kitoweke. Kikikataa kutoweka, nywele mbili tatu zibaki. Hazijawahi kumzuia mtu kuoa.

6. Koromeo: meza mate, kisha nyamaza

Koromeo ukilipitia juu kwa juu unatafuta balaa. Njia niliyofundishwa ni kusogeza ngozi ya koo pembeni, upande mmoja kisha mwingine, hadi nywele zilizokuwa juu ya koromeo zikae juu ya msuli wa shingo. Ukimwambia mtu ameze mate, koromeo hupanda na ngozi ya chini yake hujitandaza kwa sekunde moja mbili. Ngoja amalize kumeza na koromeo litulie ndipo upite.

Kisha anyamaze. Hapa adui ni simu. Mtu yuko na wembe kooni, simu inaita, anasema "haloo" kabla hata hajaitoa mfukoni. Kwangu simu huwekwa mezani. Mkubwa au mdogo, hata kama ni diwani.

7. Mzee asiye na meno ana uso mwingine

Shavu lililokosa magego huingia ndani, na makali hupita juu ya bonde bila kugusa kitu au huzama ukingoni. Mzee wangu alikuwa akiwaambia wenzake, "Jaza hewa, ndugu yangu, kama unapuliza moto." Wanajaza, wembe unapita, wanapumua, wanajaza tena. Wasioweza kuibana hewa husukuma shavu kwa ulimi kutoka ndani.

Makunyanzi ya shingoni hayataki nguvu, yanataka subira: fungua kunyanzi moja, nyoa, acha, fungua jingine. Kovu na chunjua zungukia. Usizipitie juu hata kama umezizoea. Na mzee asiharakishwe. Nilimwona mzee wangu akimnyoa rafiki yake wa ujanani kwa muda ambao kinyozi wa mashine angemaliza vijana wanne, na nusu ya muda huo walikuwa wanazungumzia mafuriko ya Mto Mkondoa.

8. Nywele za kipilipili zina sheria yake

Hili ndilo somo lililobadilisha kazi yangu, na chanzo chake ni reli. Kipande cha reli ya kisasa cha Morogoro hadi Makutupora kilipokuwa kikijengwa na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi, na milima ya Kilosa ikichimbwa mahandaki, baadhi ya mafundi Waturuki walikuja kunyoa. Kwao wembe wa kinyozi ni jambo la kila wiki. Mmoja alinionyesha kwa ishara anachotaka: pita kuelekea nywele zinakolala, paka povu tena, kisha pita kinyume, shingo yote. Ngozi nikaivuta kama ngoma. Alitoka laini kabisa, na alirudi wiki iliyofuata shingo yake ikiwa safi.

Kijana mmoja wa hapa alikuwa amekaa akisubiri zamu, akaona. Alienda nyumbani akajinyoa vilevile, kinyume, ngozi imevutwa. Siku chache baadaye shingo ilikuwa imejaa vipele, vingine na usaha. "Fundi, yule Mturuki mbona hakutoka vipele?"

Jibu liko kwenye unywele. Wa Mturuki yule ulitoka wima, na ukikatwa chini sana unaendelea kutoka wima. Wa kwetu wengi hutoka umepinda tangu ndani ya ngozi. Ukiuvuta, ukaukata kwa mshazari kisha ukaiachia ngozi, ile ncha kali hurudi ndani na kuanza kukua ikitoboa ukuta wa tundu lake. Au hutoka nje vizuri, ukajikunja, ukarudi kuingia kwenye ngozi pembeni kidogo. Mwili huuona kama mwiba, na hupambana nao kama unavyopambana na mwiba. Jambo hili si la Kilosa tu. Jeshi la Marekani, ambalo hutaka askari wake wawe wamenyoa, kwa miaka mingi liliwapa vibali vya daktari askari wenye vipele hivi, wengi wao Weusi, wafuge ndevu fupi.

Kwa hiyo somo la kwanza lina mpaka. Ngozi ya mwenye kipilipili itandazwe, isivutwe: iondoke mikunjo, basi. Wembe upite mara moja, kuelekea nywele zinakolala, na kinachobaki kikibaki kinakwaruza kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Shingo yenye vipele vibichi haiguswi na wembe hata mtu akiongeza pesa. Ninamwambia aache ndevu zikue wiki kadhaa, na atakapotaka kupunguza atumie mashine isiyogusa ngozi. Poda za kuondoa ndevu zinazouzwa madukani huwafaa baadhi, lakini huunguza zikikaa zaidi ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Na tafadhali, kutumbua kipele kwa pini ili kuutoa unywele ni kukaribisha kovu.

Wako vinyozi wanaosema vipele ni uchafu wa mteja. Hiyo ni kujitetea. Vipele vingi vya shingoni vimetengenezwa kwenye viti vyetu.

9. Mikumi, sikiliza barabara

Barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi kupitia Ulaya (Ulaya yetu, kata ya Kilosa, haihitaji viza) mimi nimeijua kwa vumbi la kiangazi na tope la masika. Ukifika Mikumi unakuta uso wa aina nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu inaipasua kwa takriban kilomita 50. Madereva wa malori ya Zambia na Kongo huingia mjini wamechoka, ndevu za siku kadhaa, vumbi limeshikana na jasho. Ukipaka povu juu ya vumbi hilo unatengeneza msasa. Uso uoshwe kwa sabuni, uoshwe tena, ndipo taulo ya moto.

Taulo hiyo ndiyo yenye hatari yake: dereva husinzia. Kichwa kinashuka taratibu, halafu kinashtuka. Mtu aliyesinzia simnyoi koo. Namwamsha, "Kaka, tuzungumze kidogo, mzigo unaelekea wapi?" Akijibu nanyanyua wembe, akinyamaza nautua. Nilijifunza pia kuinua makali kila ninaposikia lori linafunga breki au honi ya basi. Kwa mtu anayenyoa kwa vipande vifupi hilo halina usumbufu. Anayependa miendo mirefu ya madaha asifungue kibanda kando ya barabara kuu.

10. Wembe butu ndio unaokata watu

Wembe usio na makali unavuta unywele badala ya kuukata, na mkono huongeza nguvu bila kuambiwa. Chini ya pua na kwenye koromeo ndipo nguvu hiyo hulipiwa.

Kinoo hutumika mara chache: wembe ulale kabisa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, kwa sababu ni mgongo unaoshika pembe sahihi. Kila mara kabla ya kunyoa ni zamu ya mkanda wa ngozi, safari 30 hadi 60, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukitanguliza makali utaukata mkanda na kuuharibu wembe kwa pigo moja. Mkanda wangu ni ngozi ya ng'ombe niliyoinunua mnadani kwa mfugaji, nikaisugua mafuta hadi ikalainika.

Baada ya kazi futa, kausha, paka tone la mafuta ya cherehani. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyong'oa reli na kuwapeleka watu wengi wa Kilosa kwenye mahema, yaliliacha sanduku la mzee wangu matopeni. Wembe ule wa Solingen ulipatikana. Kutu ya ubapani ilisuguliwa ikatoka, lakini palipokuwa na vishimo kwenye makali penyewe hapakunoleka tena.

11. Wembe wa kunolewa ni wa mtu mmoja

Zamani wembe mmoja uliwanyoa wanaume wa mtaa mzima. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata kampeni za kutochangia nyembe zilifika hadi kwenye vijiwe vyetu. Virusi vya homa ya ini aina ya B ni vikaidi zaidi: vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, kwenye damu iliyokauka isiyoonekana kwa macho. Kuchovya wembe kwenye spiriti sekunde mbili na kuufuta kwa taulo ileile ni kujifariji, na katika kona hizi ngumu za uso mchubuko mdogo hutokea hata kwa fundi mzuri.

Ninaufuata utaratibu huu. Mteja wa kawaida ananyolewa kwa kipande kipya kwenye mpini uliosafishwa. Shabu ya kuzuia damu naiponda nachukua unga kwa pamba. Kipande kizima cha shabu kinachozunguka nyuso za watu hubeba damu ya kila mmoja. Wembe mzima wa kunolewa namnyoa nao mwenye nao tu. Wazee wachache bado huja nao wameufunga kwenye kitambaa, nami nauheshimu.

Nawe ukikaa kwenye kiti cha kinyozi, cha Kilosa, cha Mikumi au kwingine, usione haya. Mwambie afungue wembe mpya mbele yako, uione karatasi ikichanwa. Akinuna, inuka uende kwa mwingine.